Waandani wa Daktari: waliopendwa na waliozomewa

Waulize watu wawili waliokua wakitazama Doctor Who ni Daktari yupi aliyekuwa bora kuliko wote, na huenda wakaafikiana kabla chai haijapoa. Waulize habari za waandani wake, wale abiria anaowachukua huku na kule na kuzunguka nao katika wakati na anga, hapo mtakesha. Mmoja atamtetea Sarah Jane kama dada yake wa kuzaliwa, mwingine atasema Adric alichelewa kufa. Ubishi huo una umri sawa na tamthilia yenyewe, zaidi ya miaka 60 sasa.

Kwa asiyeijua, Daktari ni kiumbe kutoka sayari ya Gallifrey anayesafiri kwa chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje ni kibanda cha buluu cha polisi wa Uingereza na kwa ndani ni kikubwa ajabu. Akikaribia kufa hubadilika mwili mzima, na ndiyo maana waigizaji wamekuwa wakipokezana nafasi hiyo. Waandani wengi ni binadamu wa kawaida. Wao ndio wanaouliza maswali ambayo mtazamaji angependa kuuliza, wanaoogopa kwa niaba yake, na wanaotekwa ili kisa kisonge mbele. Msimamo wangu ni huu: waliopendwa zaidi ni wale walioruhusiwa kumkatalia Daktari usoni, na waliochukiwa, karibu wote, ni wale ambao waandishi waliwapandisha chomboni bila kuwapa kazi ya kufanya.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais John Kennedy wa Marekani kuuawa, BBC ilirusha kipindi cha kwanza. Habari za msiba zilikuwa zimetawala kila kitu, hata wiki iliyofuata wakakirudia kabla ya kurusha cha pili. Mtayarishaji alikuwa Verity Lambert, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo katika idara ya tamthilia ya BBC, na mwongozaji wa kisa hicho cha kwanza alikuwa Waris Hussein, kijana mzaliwa wa India. Walimu wawili wa shule ya Coal Hill, Barbara Wright wa historia na Ian Chesterton wa sayansi, wanamfuata mwanafunzi wao Susan hadi uani kwa muuza vyuma chakavu, wanakuta kibanda, wanaingia. Mzee wa humo ndani, babu yake Susan, anaondoka nao kwa nguvu ili wasije wakamwaga siri.

Masomo ya walimu hao hayakuchaguliwa kibahati: tamthilia ilikusudiwa kuwafunza watoto historia na sayansi. Ila walichomfanyia Daktari kilizidi masomo. Daktari wa William Hartnell katika visa vile vya mwanzo ni mzee mwenye hila, mbinafsi, asiyeaminika. Mapema mwaka 1964, katika The Edge of Destruction, anawashutumu walimu kwamba wamehujumu chombo chake, na Barbara, aliyeigizwa na Jacqueline Hill, anamgeukia na kumkumbusha kwa ukali kwamba wao ndio waliookoa maisha yake. Baadaye mzee anaomba radhi. Miezi michache mbele, katika The Aztecs, Barbara anadhaniwa kuwa kuhani mkuu wa kale aliyerudi duniani, naye anaamua kuutumia utukufu huo kukomesha kafara za watu. Daktari anamkataza, anamwambia historia haigeuzwi. Barbara haafiki. Anajaribu, anashindwa, na kushindwa kwake kunauma kwa sababu alichokitaka kilikuwa haki. Kwangu mimi, hakuna mwandani aliyempita Barbara, na huyo Daktari mwema ambaye dunia inamjua leo alifinyangwa na wale walimu wawili.

Susan hakubahatika hivyo. Carole Ann Ford aliahidiwa kwamba ataigiza msichana wa ajabu kutoka sayari nyingine; alichopata kwa kiasi kikubwa ni kupiga mayowe na kuteguka kifundo cha mguu. Mwishoni mwa 1964 akaondoka, naye Daktari akamfungia mjukuu wake mlango na kumwacha London iliyobomolewa na wavamizi waitwao Dalek ili aolewe na aanze maisha. Huko kupiga mayowe kukawa ugonjwa wa tamthilia kwa miaka zaidi ya ishirini.

Aliyekaa vizuri kuliko wote katika miaka ile ni Jamie McCrimmon, mpiga zumari wa Scotland aliyeokotwa baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746. Frazer Hines, aliyemwigiza, hakuajiriwa akae. Mwisho wa kisa chake cha kwanza ulikwisha kupigwa picha, Jamie akipunga mkono wa kwaheri, kisha watayarishaji wakabadili mawazo na kuupiga upya. Akawapo katika visa vyote vya Daktari wa Patrick Troughton isipokuwa cha kwanza, na hakuna mwandani aliyeonekana katika vipindi vingi kumshinda. Bahati mbaya vingi vya vipindi hivyo havipo, kwa kuwa BBC ilikuwa ikifuta kanda ili izitumie tena. Mwaka 2013 vilitangazwa vipindi tisa vilivyopatikana kwenye kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, vya visa viwili ambavyo Jamie yumo pamoja na Victoria wa Deborah Watling. Kabla ya hapo Victoria alikuwa akihukumiwa zaidi kwa picha mnato na sauti za mayowe yake. Baada ya Jos, watu waliweza angalau kumtazama anavyoigiza.

Miaka ya 1970 ilileta jaribio lililokatizwa mapema. Liz Shaw, mwanasayansi wa Cambridge aliyeigizwa na Caroline John, alidumu msimu mmoja tu wa 1970. Watayarishaji waliona anajua mno: akielewa kila kitu, nani atauliza? Akaondolewa bila hata tukio la kuaga. Aliyemrithi, Jo Grant wa Katy Manning, siku ya kwanza tu aliharibu jaribio la maabara la Daktari kwa kulimwagia kizima moto. Ingekuwa rahisi Jo akachukiwa. Hakuchukiwa, kwa sababu alikuwa na ujasiri wake mwenyewe: katika The Daemons ya 1971 anajitoa afe badala ya Daktari, na kiumbe aliyetaka kuua anashindwa kabisa kuuelewa moyo wa namna hiyo, akaangamia.

Kisha akaja Sarah Jane Smith. Elisabeth Sladen aliingia Desemba 1973 kama mwandishi wa habari aliyejipenyeza kwenye kituo cha utafiti kwa kutumia jina la shangazi yake, na kuanzia hapo hadi Oktoba 1976 hakuacha kuwa mwandishi wa habari. Anaogopa, lakini anatangulia. Anamcheka Daktari, anamkasirikia, anabishana naye kwa lugha ya watu wanaopendana bila kutongozana. Alipoachwa, kwa kuwa Daktari aliitwa kwao Gallifrey na hakuweza kumpeleka, alishushwa mtaani na sanduku lake akiwa ndani ya ovaroli la mistari, akiwa ameambiwa amefika kwao Croydon.

Kilichofuata ni cha pekee katika historia nzima ya waandani. Mwaka 2006, katika School Reunion, Sarah Jane alirudi akiwa mtu mzima na akamwuliza Daktari kwa nini hakumrudia. Alikuwa amemsubiri. Kwa mara ya kwanza tamthilia ilikaa na swali ambalo ilikuwa ikilikwepa tangu Susan afungiwe mlango: wanaoachwa wanaishije? Ndipo akaeleza kwamba pale aliposhushwa hapakuwa Croydon, palikuwa Aberdeen. Watoto ambao hawakuwahi kumwona wakampenda kiasi kwamba akapewa tamthilia yake mwenyewe kuanzia 2007, na iliendelea hadi alipofariki Aprili 2011.

Sasa Adric. Aliingia mwaka 1980, kijana mwenye akili nyingi za hisabati na beji ya kuthibitisha, akiigizwa na Matthew Waterhouse aliyekuwa bado kijana mdogo asiye na uzoefu mkubwa. Watazamaji wengi hawakumtaka. Wanasema alikuwa mjuaji, mlalamishi, mwepesi wa kujiunga na adui. Nakubali kwamba hapendezi, ila chombo kilikuwa kimejaa. Adric na waandani wenzake Nyssa na Tegan wote walikuwamo kwa wakati mmoja, na waandishi hawakujua wawafanye nini. Katika Kinda ya 1982, Nyssa analala karibu kisa kizima kwa sababu haikupatikana kazi ya kumpa. Watu watatu wakigombea mistari ya mmoja, kinachobaki ni kununiana.

Halafu Machi 1982 wakamwua. Katika Earthshock, Adric anabaki ndani ya meli inayoanguka duniani akijaribu kulikokotoa fumbo la mwisho, na meli hiyo ndiyo inayowamaliza dinosaria. Daktari alikuwa ameiponda beji ya dhahabu ya Adric kifuani mwa kiongozi wa maadui waitwao Cybermen, kwa kuwa dhahabu ni sumu kwao. Majina ya waigizaji yakapita bila muziki wowote juu ya vipande vya beji hiyo sakafuni. Waliomchukia walilia. Si kwamba walikuwa wanafiki. Ni kwamba hatimaye Adric alikuwa amepewa jambo la kufanya.

Mel Bush wa Bonnie Langford, 1986 na 1987, ndiye kielelezo kibaya zaidi. Alitokea tu, bila kisa cha kueleza alivyokutana na Daktari. Tuliambiwa ni mtaalamu wa kompyuta, lakini tukamwona akimnywesha Daktari juisi ya karoti na kumpandisha kwenye baiskeli ya mazoezi. Langford aliombwa hata apige yowe kwa noti ya F ili lishikane na muziki wa kufungia kipindi. Mwigizaji wa jukwaani mwenye mapafu na nidhamu kama yake aligeuzwa king'ora. Aliyemfuata, Ace wa Sophie Aldred, alimpiga Dalek kwa rungu la besiboli mwaka 1988, na mashabiki hawakuhitaji kushawishiwa tena.

Tamthilia ilisimamishwa 1989, ikafufuliwa Machi 2005 na Russell T Davies, na Rose Tyler wa Billie Piper akawa kipenzi cha taifa. Aliyeumizwa na mapenzi hayo ni Martha Jones wa Freema Agyeman, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa mwandani kamili. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mtulivu, hodari, na kila kipindi kilimkumbusha kwamba yeye si Rose. Katika kisa kinachofanyika 1913 alifanya kazi ya utumishi shuleni na kuvumilia matusi ya ubaguzi ili kumlinda Daktari aliyepoteza kumbukumbu. Mwishoni mwa msimu wa 2007 aliizunguka dunia kwa miguu mwaka mzima ili kuiokoa. Kisha akaamua mwenyewe kuondoka, kwa sababu alistahili kupendwa na mtu anayemwona. Wanaomweka mkiani mwa orodha zao nadhani hawajamtazama kwa haki.

Donna Noble alitiliwa shaka kabla hajaanza, maana Catherine Tate alijulikana kwa vichekesho. Shaka hiyo ilizimwa Aprili 2008, katika The Fires of Pompeii. Daktari lazima avute wenzo utakaolipua volkano na kuua mji mzima, la sivyo dunia yote itaangamia. Donna anaweka mikono yake juu ya mikono ya Daktari, wanavuta pamoja. Halafu anamlilia arudi akaokoe mtu, hata mmoja tu. Daktari anakataa. Donna hanyamazi, na familia moja inaokolewa. Ni hoja ile ile ya Barbara ya mwaka 1964, safari hii ikishinda.

Tangu hapo waandani kupewa nafasi ya pili limekuwa jambo la kawaida. Mwaka 2022 William Russell, akiwa na miaka 97, alirudi kuwa Ian Chesterton. Desemba 2023, Mel alionekana akifanya kazi ya kompyuta kweli kweli, miaka 36 baada ya kushuka chomboni. Mwezi huo huo Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali, akauchukua usukani akiwa Daktari na kumkaribisha mwandani wake, Ruby Sunday.

Amebaki Dodo Chaplet wa Jackie Lane, wa mwaka 1966, ambaye huwa anakaa chini kabisa ya orodha. Lafudhi yake ilibadilishwa baada ya wakubwa kutaka aongee Kiingereza cha BBC. Katikati ya The War Machines akapelekwa shambani kupumzika na hakurudi. Alituma salamu tu kwamba anabaki London. Televisheni haijamrudisha. Lakini The Gunfighters ipo yote, haikufutwa. Humo Dodo anamwelekezea bastola Doc Holliday, mwuaji maarufu wa Marekani, na kumwamuru amrudishe kwenye mji wa Tombstone kwa marafiki zake. Holliday anakubali. Anayetaka kumhukumu Dodo aanzie hapo.