Saratani ya Waarabu wa Dearborn: jina lenye kuogopwa

Neno letu "saratani" limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni kaa, yule mnyama wa maji. Lakini Waarabu wengi wanaogopa kulitamka. Wanasema tu "ule ugonjwa". Woga huo walihama nao mpaka Dearborn, Marekani, kwenye kiwanda cha Ford kiliita kwanza Walebanoni, kisha Wayemeni.

Mwaka 1971 Waarabu wa pale wakaunda shirika lao, ACCESS. Mwaka 1990 serikali ikaanzisha programu ya kupima saratani ya titi na ya mlango wa kizazi kwa wamama wa kipato kidogo. Programu iko, lakini mama mwenye haya, hajui Kiingereza, ataifikia namna gani? Baadaye, wafanyakazi wa afya wenye kusema Kiarabu wakaingia nyumbani, wakafundisha mama pamoja na binti na dada zake.

Mimi niko agronome: mkulima haamini afishi, anaamini jirani. Huku kwetu, kansere watu wengi wanasema ni kulogwa, na mama anafika hospitali kama imechelewa. Sisi wenye kusoma, tutaanzia nyumba gani?