Profesa Pallangyo na Kazi Isiyokatiwa Utepe

Ndugu zetu wana-Mlingotini, wa nyumbani na wa mjini,

Kila mwaka tukikutana swali huwa lile lile: fedha za harambee zijenge au zisomeshe? Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tunajua kwa nini ujenzi hushinda. Jengo linaonekana. Safari hii tunaomba mtusikilize kidogo habari za Profesa Kisali Pallangyo. Si mtu wa pwani yetu, lakini mgonjwa wetu akizidiwa Bagamoyo akapelekwa Muhimbili, hukutana na kazi ya mikono yake.

Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walituachia madaktari 12. Shule ya udaktari ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, chuo kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 chuo kikuu kamili, MUHAS. Pallangyo, aliyekuwa mkuu wa chuo kile kishiriki, akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa chuo kipya.

Hakuwa mtu wa ofisini tu. Ni bingwa wa magonjwa ya ndani, wa rika la madaktari waliohudumia wagonjwa wa UKIMWI kabla dawa hazijafika. Yeye na wenzake wa Dartmouth, Marekani, waliongoza utafiti ulioanza Dar es Salaam mwaka 2001, wakiwafuatilia watu zaidi ya 2,000 wenye VVU kuona kama chanjo ingewakinga na kifua kikuu. Waliochanjwa waliugua kwa pungufu ya asilimia 39. Jibu hilo lilichukua miaka saba. Kamati yetu ingevumilia miaka saba bila picha ya kuweka kwenye kijitabu hiki?

Chuoni, wakisaidiana na walimu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwauliza wahitimu kama walichofundishwa kinawatosha kazini. Kisha mitaala ikaandikwa upya, ikaanza kutumika mwaka 2011: mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kumfanyia mgonjwa, si kwa alichokariri.

Hospitali ya Mloganzila, iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, ilifunguliwa mwaka 2017 ikiwa na vitanda zaidi ya 500. Magazeti yalijaa picha zake. Mitaala ile haikukatiwa utepe, ila ndiyo inayomwelekeza daktari anayesimama kando ya kitanda.

Huku kwetu, mtoto wa mama anayelima mwani anaweza kufaulu sayansi vizuri, kisha akakwama kwenye ada. Ndiyo maana mwaka huu tumependekeza fungu la kuwasomesha vijana wetu uuguzi, ufamasia na utabibu, na tunajua wapo wazee wetu ambao bado wanataka ukuta kwanza. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Mweka hazina atatoa risiti kwa kila mchango, hata wa shilingi elfu moja.