Kipigo cha Mama na Daftari la Mwalimu Mkuu

Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa. Kifungu chake cha 66 kilitamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila za kwao zinaruhusu. Kwa enzi zile huo ulikuwa ujasiri. Hata hivyo, kifungu chenyewe hakikutaja adhabu, na mtoto anayesikiliza kipigo akiwa chumba cha pili hakuwamo kabisa.

Na kusikia husikia. Katika nyumba nyingi za kupanga za Uswahilini vyumba havina dari na kuta hazilifikii paa, kwa hiyo tusi la chumba cha kwanza hutua hadi cha mwisho. Majirani nao wamezoea kujifichia kwenye methali ya ndugu wakigombana: chukua jembe ukalime.

Asubuhi mtoto huyohuyo, macho mazito, anaingia shuleni amechelewa. Kanuni za viboko za mwaka 1979 ziliruhusu hadi viboko sita. Mwaka 2002 vikapunguzwa kuwa vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, tena viandikwe daftarini. Jina, kosa, idadi ya viboko. Kilichomkosesha mtoto usingizi hakikuwa na safu yake.

Waliovunja ukimya kwa sauti kubwa walikuwa wanahabari wanawake. TAMWA, chama chao kilichoanzishwa mwaka 1987, kilitoa jarida la Sauti ya Siti na kusukuma mageuzi yaliyozaa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Baadaye polisi wakafungua Madawati ya Jinsia na Watoto vituoni. Lakini anayekwenda kutibiwa majeraha ya kipigo hupewa PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika humo alichokiona mwilini. Kijana aliyeshuhudia mama yake akipigwa hana hata mchubuko wa kuonyesha.

Takwimu ndizo zilizoutoa gizani ukatili dhidi ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliochapishwa 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, na karibu robo tatu yao walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2018 mtafiti Mabula Nkuba na wenzake wakachapisha matokeo ya wanafunzi 700 wa sekondari: wengi mno walikuwa wametendewa ukatili na wazazi katika mwaka uliotangulia, na ukatili huo ulikwenda sambamba na matatizo ya kihisia na ya tabia. Darasani matatizo hayo huitwa majina mengine: mvivu, mkorofi, kiburi. Yupo pia yule asiyetaka kwenda bweni, kwa sababu nyumbani ndiye ngao ya mama, na hilo hamwambii mtu.

Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikataza adhabu iliyopita kiasi kwa umri na hali ya mtoto, ikaacha kiasi chenyewe kipimwe na mkubwa anayeshika fimbo. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, ukaanza 2017, na shule zikahimizwa kuwa na walimu wa unasihi. Kwa Tanzania Bara, viboko vinne vya 2002 bado ni halali. Mwanafunzi mwenye siri ya nyumbani anatakiwa amfungukie mwalimu ambaye huenda jana ndiye aliyemchapa kwa kuchelewa.