Gitare ya bei kali na gitare ya bei ndogo: tofauti iko wapi?

Tarafani Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, gitare ya umeme haikosekani. Iko kanisani siku ya yenga, iko kwenye feti za ndoa, iko katika nganda na pale vijana wa orkestra wanafanyia repetisio. Kwa macho, nyingi zinafanana. Bei ndiyo haifanani: moja inauzishwa karibu dola 200, ingine yenye sura ile ile inapita dola 2.000.

Kwa korali yenye kuchanga miezi mingi, ao kijana mwenye kuweka feza ya kazi yake kidogo kidogo, kukosea hapo ni hasara kubwa. Wengine wanalipa jina tu. Wengine wananunua ya bei ndogo bila kuipima, na kisha mwezi moja inabaki inaning'inia ukutani. Ukurasa huu unaeleza kile feza ya juu inalipa kweli, kile hailipi, na vitu vya kuangalia mbele ya kutoa feza.

Kampuni moja, majina mawili

Kampuni kubwa za gitare zinatengeneza vyombo vya bei kali na vya bei ndogo pia, mara nyingi kwa majina tofauti.

Fender, kampuni ya Marekani, ilianza kuuzisha gitare yenye tunaita leo Telecaster karibu mwaka 1950, na Stratocaster mwaka 1954. Leo Stratocaster inatoka katika ngazi mbalimbali. Zile za Corona, jimbo la California, zinaanza karibu na dola 1.500. Zile za Ensenada, Mexico, ziko karibu na dola 800. Zile zenye jina la Squier zinatengenezwa Asia, kama vile Indonesia na China, na zinaanza karibu na dola 200. Squier ni mali ya Fender yenyewe. Gitare za jina hilo zilianza kutoka mwaka 1982.

Gibson inafanya vilevile. Gitare yake Les Paul ilitoka mwaka 1952. Mwaka 1957 Gibson ilinunua kampuni ingine, Epiphone, na leo Epiphone ndiyo jina lake la bei ya chini. Les Paul Standard ya Gibson, yenye kutengenezwa Nashville, inapita dola 2.500. Ya Epiphone, yenye kutoka China, iko chini ya dola 800.

PRS inatengeneza gitare za bei kali katika jimbo la Maryland, Marekani, na zile za bei nafuu, zenye kuitwa SE, Indonesia. Yamaha ya Japani iko na Pacifica, yenye ilianza mwaka 1990. Pacifica ya chini kabisa inapatikana karibu dola 200, na walimu wengi wa muziki wanaishauri kwa wanafunzi.

Bei hizo ni za magazini ya Marekani ao Ulaya. Mbele ya kufika Kisangani, gitare inapita kwa ndege mpaka Bangboka, ao kwa mashua kutoka Kinshasa, safari ya kilometa karibu 1.700 juu ya mto, ao kwa barabara kutoka Butembo na Beni kupitia Mambasa na Bafwasende. Kila njia inaongeza bei, na kila njia inatikisa chombo.

Feza ya juu inalipa nini?

Sehemu ya kwanza ni kazi ya watu. Mshahara wa mfundi wa California haufanani na ule wa mfundi wa Indonesia. Siku hizi, mashine yenye kuongozwa na kompyuta inakata mbao sawasawa pande zote mbili, ndiyo maana gitare za bei ndogo za leo ni nzuri kuliko zile za miaka ya 1970. Kinachobaki ni kazi ya mkono mwishoni: kusugua ncha za freti kusudi zisikate vidole, kusawazisha freti zote, kuchonga sile, kale kaegemeo ka kamba kwenye kichwa cha gitare. Kwa gitare ya bei kali, mtu anakaa na kazi hiyo muda mrefu. Kwa gitare ya bei ndogo, dakika ni chache.

Sehemu ya pili ni vyuma na waya. Mekaniki, ni kusema vile vifungo vya kukaza kamba, zikiwa za chuma chepesi, zinaachilia na gitare inatoka nje ya sauti katikati ya wimbo. Mikro za gitare, zile sumaku zenye kuzungushiwa waya mwembamba wa shaba chini ya kamba, ndizo zinageuza mtikisiko wa kamba kuwa umeme wa kwenda ku ampli. Mikro nzuri inatoa kila kamba wazi. Ya hovyo inachanganya sauti, zaidi pale watu wengi wanapiga pamoja.

Sehemu ya tatu ni mbao. Mara nyingi gitare ya bei kali iko na mbao iliyochaguliwa na kukaushwa vizuri. Ya bei ndogo kabisa inaweza kuwa na mwili wa tripleksi. Lakini ku gitare ya umeme, mwili hautoi sauti sawa vile ku gitare ya kawaida yenye tundu. Kamba, mikro na ampli vinafanya sehemu kubwa ya sauti. Mbao ya shingo ndiyo ya kuangalia zaidi: ikipinda, hakuna mikro ya kuiokoa.

Sehemu ya nne ni jina. Jina halisikiki katika bafle, lakini liko na faida moja: siku ya kuuzisha tena, Fender ao Gibson ya kweli inarudisha feza mingi kuliko gitare isiyojulikana.

Mti wa pori na bei ya gitare

Kwa wakaaji wa Tshopo, habari ya mbao inagusa karibu. Wenge, jina lenye kila mpenzi wa muziki anajua, ni mti wa pori la Congo, na kampuni ya Ujerumani Warwick inajulikana kwa kutengeneza shingo za gitare bass na mti huo. Ebene, mti mweusi, unafanya ubao wa vidole ku gitare mingi za bei ya juu. Katika Kamerun, kampuni ya Marekani Taylor, pamoja na washiriki wa Hispania, ilinunua mwaka 2011 kiwanda cha kukata ebene mjini Yaoundé.

Biashara hiyo iko na sheria yake. Serikali ya Marekani iliingia katika viwanda vya Gibson mwaka 2009 na tena 2011 ju ya mbao kutoka Madagascar na India. Mwaka 2012 Gibson ilikubali kulipa dola 300.000 za malipizi kwa habari ya ebene ya Madagascar, na dola 50.000 zingine za kulinda mazingira. Tangu hapo kampuni nyingi zinatafuta mbao zingine. Mbao nadra inapendeza macho na kuongeza bei. Si lazima iongeze sauti.

Wakubwa walianza na nini?

Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa mwaka 1938, alianza utotoni na gitare ya kutengenezwa kwa mikono, wakati mama yake aliuzisha mikate ku soko ya Léopoldville. Mwaka 1956 alikuwa kati ya waanzilishi wa OK Jazz. Gitare ya umeme yenyewe ilifika katika studio za Léopoldville karibu mwaka 1953, na historia inamtaja Mbelgiji Bill Alexandre, wa nyumba ya kurekodi CEFA, kama mmoja wa walioileta. Miaka michache nyuma yake, Docteur Nico Kasanda alikuwa amekwisha kuifanya chombo cha Wakongomani.

Kisangani nayo iko na mtoto wake. Diblo Dibala alizaliwa hapa mwaka 1954, akakulia Kinshasa, kisha akajulikana Paris katika miaka ya 1980 pamoja na Kanda Bongo Man na baadaye katika Loketo. Sifa yake ni mwendo na usafi wa vidole.

Hiyo inasaidia mnunuzi. Katika muziki wetu, solo, mi-solo na akompa zinapiga pamoja, na kila moja inapaswa kusikilika wazi, bila kelele ya kukwaruza. Gitare ya sebene inahitaji kwanza kushika sauti, kuwa na kamba laini chini ya vidole, na mikro safi. Mambo hayo matatu yanaweza kupatikana bila kufika dola 2.000.

Hali ya Kisangani inapima gitare zote

Mji uko karibu na mstari wa ekweta. Mvua inanyesha miezi yote na hewa iko na maji mingi. Kamba zinapata kutu upesi, na mbao inavimba. Gitare ya dola 2.500 yenye kuwekwa bila kupanguswa itaharibika kama ile ya dola 200. Kupangusa kamba na kitambaa kikavu kila kisha kupiga, kuiweka ndani ya mfuko wake, na kutia mule vile vifuko vidogo vya kukausha vyenye kupatikana katika viatu vipya, ni kazi isiyolipisha.

Umeme ni shida ya pili. Congo inatumia volti 220. Ampli ya kutoka Marekani, ya volti 120, ikichomekwa hapa bila transfo inaungua palepale. Na pale moto wa SNEL unapanda na kushuka, ao grupu inafanya kazi vibaya, stabilizateri inalinda ampli.

Tena kuna mvumo. Mikro yenye waya wa mzunguko moja, kama zile za Stratocaster, inakamata kelele ya umeme wa karibu. Mwaka 1955, Seth Lover wa Gibson alitengeneza mikro ya mizunguko miwili yenye kuua mvumo huo. Kwa orkestra yenye kupiga karibu na grupu, gitare ya bei ndogo yenye mikro mbili-mbili inaweza kusikilika safi kuliko ya bei kali yenye mikro moja-moja.

Na hatari: kama ampli na mikro ya kuimbia vimeunganishwa ku vyanzo viwili vya umeme bila waya wa ardhi, mpiga gitare anaweza kupigwa na umeme siku midomo yake inagusa mikro. Hapo bei ya gitare haisaidii kitu. Vyombo vyote vichomekwe ku chanzo kimoja chenye waya wa ardhi.

Majina ya uongo

Dunia nzima inauzishiwa gitare za kuiga zenye kuandikwa Gibson ao Fender. Mtu akipewa «Gibson» mpya kwa dola 300, aanze kwa kukataa. Ku Les Paul ya Gibson, kifuniko kidogo cha kichwani kinashikwa na visi mbili. Mingi za uongo ziko na tatu. Namba ya nyuma ya kichwa inaweza kutumwa kwa kampuni kusudi ihakikishwe. Squier ao Epiphone ya kweli ni bora kuliko jina kubwa la uongo, kwa sababu kuna kampuni nyuma yake.

Vitu vya kuangalia mbele ya kulipa

1. Shingo. Kandamiza kamba nene ku freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati moja. Katikati pabaki nafasi ndogo sana, kama unene wa karatasi. Nafasi kubwa ni ishara ya shingo iliyopinda. Uliza kama chuma cha ndani ya shingo kinageuka; fundi anakigeuza kidogo tu, robo ya mzunguko.

2. Freti. Piga kila kamba ku kila freti. Kama moja inalia kama nyuki ao inakufa, kuna freti yenye kupanda.

3. Sauti ya 12. Gusa kamba juu ya freti ya 12 bila kukandamiza, piga, kisha kandamiza palepale na upige tena. Sauti zote mbili zilingane. Zikitofautiana, daraja la gitare linahitaji kurekebishwa. Likiwa halina visi za kurekebisha, acha.

4. Mekaniki. Kaza gitare, vuta kamba kwa kidole mara kadhaa, pima tena. Isishuke sana.

5. Umeme. Usinunue bila kuchomeka ku ampli. Geuza vifungo vyote, tikisa kidogo pale waya unaingia. Kukwaruza kidogo kunasafishwa. Sauti yenye kukatika inaonyesha masude mabaya.

Namna ya kugawa feza

Korali yenye dola 400 isizimalize ku gitare peke yake. Dola 200 ao 250 zinatosha kwa gitare ya jina la chini la kampuni inayojulikana. Zenye kubaki ziende ku ampli hata ya mtumba yenye kufanya kazi vizuri, kebo nzuri, kamba za kubadilisha, na fundi wa kusawazisha freti na daraja. Mikro na mekaniki zinaweza kubadilishwa baadaye, moja kwa moja, pale feza inapatikana.

Gitare ya bei kali iko na nafasi yake. Mtu mwenye kurekodi kila mwezi, ao mwenye kusafiri na kupiga usiku kucha, anahitaji chombo chenye hakimwangushi, na siku moja atakiuzisha bila hasara kubwa. Kwa mwenye kuanza, ao kanisa lenye kupiga mara mbili kwa wiki, gitare ya bei ndogo iliyopimwa na kurekebishwa vizuri inatosha. Feza yenye kubaki itanunua kamba za mwaka mzima, na katika hewa ya Kisangani kamba hizo zitahitajika.