Vikeki vya Tanuri Linalopoa

Katika Ufaransa ya zamani tanuri la mwokaji halikuwa na ufunguo wa kuzidisha moto wala wa kuupunguza: lilijengwa kwa matofali, kuni zikawashwa ndani ya tumbo lake lenyewe, na majivu yakiisha kufagiliwa, mwokaji hakuwa na budi kulitumia joto kwa kadiri lilivyokuwa likishuka. Mikate na vyakula vikubwa, vilivyotaka joto kali, viliingia kwanza. Na vilipotoka, tanuri lilibaki na joto la wastani lisilofaa tena kwa mkate, lakini ambalo ilikuwa ni israfu kuliacha lipotee bure, maadamu kuni ziligharimu fedha na jasho. Hapo ndipo vilipoingizwa vitu vidogo, biskuti nyembamba za siagi, makaroni za lozi, na vikeki vya kutosha tonge moja. Joto hilo la mwisho liliitwa petit four, yaani tanuri dogo, na jina likahamia juu ya vitu vyenyewe, hata leo huitwa petits fours katika karamu za watu ambao hawajapata kuona tanuri la matofali. Basi kitu ambacho macho yetu hukihesabu kuwa ni anasa tupu kilizaliwa na tabia ya kuweka akiba, na mimi naona kwamba tarehe yake yote ni mvutano wa mambo hayo mawili, ufahari na uangalifu, mpaka siku kilipoingia katika jiko la nyumba ya kawaida.

Aina zake ni nyingi, wala sina nia ya kuzitaja zote. Kuna vikavu, kuna vibichi, vyenye krimu na matunda, visivyongoja siku ya pili, na kuna vile vinavyovikwa sukari, ambavyo ndivyo watu wengi huvifikiria walisikiapo jina hili. Hivi vya mwisho ndivyo nitakavyovieleza, kwa kuwa ndivyo vyenye kazi kubwa, na ndivyo vilivyochelewa zaidi kutoka katika majumba ya wakuu.

Msingi wake ni keki nyepesi ya mayai iitwayo génoise, ambayo huokwa bapa, ikapakwa jemu ya aprikoti, ikawekewa juu utando mwembamba wa marzipani, yaani lozi zilizosagwa zikakandwa na sukari, kisha ikagandamizwa kwa kitu kizito usiku kucha ili tabaka zake zishikane; na asubuhi hukatwa vipande vya mraba vya sentimeta 3 hivi kila upande. Ndipo huja fondanti. Mwanamke wa pwani aliyezoea kupika visheti anaijua nusu ya elimu hii bila ya kuambiwa, kwani ameona jinsi shira iliyokolea, ikigeuzwageuzwa na mwiko, inavyopoteza ung'avu wake kwa ghafla, ikaganda kuwa chembe nyeupe juu ya unga uliokaangwa. Naye ajua pia kwamba ndimu kidogo huizuia shira ya kaimati isigande. Fondanti ni jambo lilo hilo lililofanywa kwa hila zaidi: shira huchemshwa mpaka digrii 115 hivi za Selsiasi, ikiwa imetiwa glukosi au kitu kikali kidogo, ikamwagwa juu ya marumaru, ikaachwa ipoe mpaka mkono uweze kuistahimili, ndipo ikasongwa kwa mwiko mpana, kwa nguvu na bila ya kupumzika, hata ikawa nyeupe na laini, na chembe zake zikawa ndogo mno ulimi usizitambue. Ikisongwa ingali ya moto, chembe huwa kubwa na ulaini wake hupotea. Na siku ya kutumiwa hupashwa kwa uangalifu isipite takriban digrii 40, kwani ikipita hapo hukauka imefifia, na hakuna dawa ya kuurudisha mng'aro juu ya kikeki kilichokwisha kuvikwa.

Kabla ya vipimajoto kuenea, mabingwa waliipima shira kwa vidole vyao wenyewe: walivichovya katika maji baridi, wakavitia upesi ndani ya shira itokotayo, wakavirudisha majini, kisha wakatazama kama sukari iliyoshika hufanya uzi, au kitonge laini, au kigae kivunjikacho. Mwaka 1768 Antoine Baumé, mtengeneza dawa wa Paris, alibuni kipimo cha kioo kieleacho, ambacho kwa kuzama kwake huonyesha ukolevu wa maji yoyote kinamotiwa. Halikuwa jambo la ajabu kwamba chombo cha wapishi kilitoka kwa mtu wa madawa, maana kwa karne nyingi sukari yenyewe iliuzwa Ulaya katika maduka ya dawa, kwa kipimo kidogo na kwa thamani kubwa.

Waarabu ndio walioupokea muwa kutoka Uajemi wakaueneza Misri, Sisilia na Andalusia, na pamoja nao ikasafiri desturi ya kuchanganya lozi na sukari, ambayo ilikuwa na heshima katika karamu za Baghdad kabla ya Paris kuwa na waokaji wa kutajwa. Lakini sukari iliyojaza sahani za Paris katika karne ya 18 ilitoka kwingine. Ilitoka zaidi Saint-Domingue, koloni la Kifaransa ambalo sasa ni Haiti, ambako katika mwaka 1789 watumwa walikaribia laki 5. Na hapa habari za vikeki hivi zaugusa mwambao wetu kwa namna isiyopendeza. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, aliyekuwa tabibu kabla ya kuwa mchuuzi wa watu, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya kisiwa kile ambacho sasa huitwa Morisi. Merikebu nyingine za Kifaransa hazikuishia katika visiwa vya bahari yetu, bali zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na watu wa Afrika Mashariki ndani yake, zikawashusha Saint-Domingue. Waandishi wa vitabu vya upishi hawana desturi ya kulitaja jambo hili watoapo kanuni zao, nami sioni udhuru wa kulinyamazia, kwani weupe wa sukari ile ulilipiwa kwa miili ya watu, na baadhi yao waliondokea katika bandari zetu. Hata vanila itiwayo ndani ya génoise ina deni la namna hiyo: katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alivumbua njia ya kulichavusha ua lake kwa kijiti na dole gumba, na mashamba ya vanila ya Bahari ya Hindi yakasimama juu ya maarifa yake, naye akafa fukara mwaka 1880.

Aliyeupa ufundi wa keki adhama yake kubwa alikuwa Antonin Carême, mtoto wa masikini aliyeachwa na baba yake katika njia za Paris siku za Mapinduzi ya Ufaransa, akawa mwanagenzi wa mwokaji Bailly katika mtaa wa Vivienne, na saa za faragha akaenda katika maktaba ya taifa kunakili picha za majengo ya kale, hata keki zake zikasimama kwa nguzo na makuba. Alimpikia mwanasiasa Talleyrand, akampikia Mwanamfalme aliyeitawala Uingereza kwa niaba ya baba yake, na mwaka 1815 akatoa kitabu chake *Le Pâtissier royal parisien*. Alifariki mwaka 1833 hajatimiza miaka 50, baada ya maisha ya kuvuta hewa ya makaa katika majiko yasiyopitisha hewa. Walakini ustadi wake ulikuwa ni wa meza za wafalme na wajumbe wa dola, na mtu wa kawaida aliuona kwenye vioo vya maduka tu.

Njia ya nyumbani ilifunguliwa na vita. Watumwa wa Saint-Domingue waliasi mwaka 1791, Haiti ikawa huru mwaka 1804, na manowari za Uingereza zikaifunga bahari, hata sukari ya muwa ikaadimika katika Ufaransa. Tangu mwaka 1747 mwanachuoni Andreas Marggraf wa Berlin alikuwa ameonyesha kuwa sukari ya kiazisukari haina tofauti na ya muwa, lakini hakuna aliyejishughulisha sana maadamu muwa ulipatikana. Sasa Kaizari Napoleon aliamuru mashamba ya viazi hivyo yapandwe, na mwanzoni mwa mwaka 1812, alipoonyeshwa sukari nyeupe katika kiwanda cha Benjamin Delessert huko Passy, alivua nishani yake mwenyewe akamvika mwenye kiwanda. Haikupita karne moja ila sukari ikawa kitu cha kabati la kila nyumba.

Lakini si kweli kwamba ufundi huu ulishuka kutoka juu peke yake. Katika mji wa Nancy, mwaka 1792, nyumba za watawa zilipofungwa kwa amri ya serikali, masista wawili, Marguerite Gaillot na Marie-Élisabeth Morlot, walipewa hifadhi katika nyumba ya tabibu, na humo wakajitafutia riziki kwa kuoka makaroni za lozi walizozijua tangu utawani. Watu wakazipenda, na mwaka 1952 mji ukaupa mtaa jina lao. Mimi nawahesabu hao kuwa ni wakuu wa jambo hili kuliko wapishi wengi wa majumba ya kifalme, kwa sababu walithibitisha kwamba lozi, sukari na ute wa yai, mikononi mwa mtu makini, hazihitaji jiko la mfalme.

Kisha wakaja walimu. Jules Gouffé, aliyefanya kazi chini ya Carême katika ujana wake, alitoa mwaka 1867 kitabu kilichotenga upishi wa nyumbani na ule wa karamu kuu, akaandika, kwa maneno yake mwenyewe, huku akitazama saa na kushika mizani, jambo ambalo waandishi waliomtangulia waliliona dogo. Yeye alifundisha kupima tanuri kwa karatasi: ikitiwa ndani ikageuka kahawia, moto ungali mkali, ikigeuka manjano hafifu, ndiyo saa ya génoise. Mwaka 1895 Marthe Distel alianzisha jarida la upishi lililoitwa *La Cuisinière Cordon Bleu*, na Januari 1896 masomo yakaanza kutolewa Paris kwa wasomaji wake. Rangi zitiwazo katika vitu vitamu nazo zilikuwa zimekwisha kuwa shauri la usalama: mwaka 1820 mkemia Friedrich Accum, mkaazi wa London, alifichua peremende zilizotiwa rangi kwa risasi na shaba, sumu mbili zilizokuwa zikiuzwa kwa watoto.

Upungufu wa mwisho ulikuwa moto wenyewe. Tanuri la gesi lilipata kutengenezwa Uingereza na James Sharp wa Northampton tangu mwaka 1826, lakini ni mwaka 1923 ndipo majiko yenye kidhibiti cha joto kiitwacho Regulo yalipoanza kuuzwa huko, na mpishi wa nyumbani akapata kuweka joto la kiasi alitakalo bila ya karatasi wala kubahatisha. Vita vikaja tena: katika Agosti 1940 serikali ya Uingereza ilikataza keki kuvikwa sukari, hata maarusi wengine wakapigwa picha kando ya keki za karatasi ngumu, na mgao wa sukari haukuondolewa mpaka Septemba 1953. Mama aliyemwaga fondanti yake ya kwanza baada ya hapo alikuwa akirejesha desturi aliyoikosa kwa miaka 13.

Siku hizi fondanti huuzwa tayari madukani, nayo ni nzuri ya kutosha. Walakini iliyosongwa nyumbani ni laini zaidi, na gharama yake ni sukari, maji na nguvu za mkono. Msomaji atakaye kujaribu na aipike siku moja kabla, aifunike kwa kitambaa kilichoroweshwa ipate kutulia, na keki yake aigandamize usiku huohuo. Kesho yake avipange vipande juu ya wavu, aviachie nafasi, na kila kimoja akimwagie mara moja tu bila ya kukigusa kwa kisu. Itakayodondoka chini ya wavu isitupwe, ikusanywe, ichujwe makombo, ipashwe tena.