Tomati ya kienyeji: mbegu iliyotembea na watu mpaka Kivu

Katika masoko ya Kituku na Virunga mjini Goma, au Kadutu mjini Bukavu, mama anayetafuta tomati za kupikia sambaza anakuta mafungu ya aina mbili. Kuna tomati ndefu, ngumu, zenye umbo moja, zinazoweza kukaa nyumbani siku kadhaa bila kuharibika. Halafu kuna zile ndogo za mviringo, au zenye mikunjo kama boga dogo, laini, nyingine zimeshaanza kupasuka. Hizi za pili ndizo wengi wanaziita tomati ya kienyeji. Zinauzwa asubuhi na mapema kwa sababu hazivumilii safari wala jua.

Kwa familia nyingi zilizohama kwa sababu ya vita, tomati hii ndogo ni jambo zito. Aliyekimbia Masisi, Rutshuru, Nyiragongo au Kalehe aliacha shamba, na mara nyingi aliacha pia mbegu zilizokuwa zimehifadhiwa jikoni. Akirudi, au akipata kipande cha udongo nyuma ya nyumba ya jamaa aliyempokea, anauliza: miche ya tomati ya kwetu inapatikana wapi? Jibu liko ndani ya historia ya tomati yenyewe, maana hata hiyo ya kienyeji ilifika hapa kama mgeni.

Kutoka milima ya Andes

Tomati ilizaliwa Amerika ya Kusini, upande wa magharibi, katika nchi ambazo leo ni Peru na Ecuador. Ya porini ilikuwa na tunda dogo kama ushanga mkubwa. Watu wa Mexico ndio walioilima kwa vizazi vingi, wakichagua kila mara mbegu za tunda kubwa na tamu zaidi. Kwa lugha yao ya Nahuatl waliita tunda hilo tomatl. Wahispania walipoiteka Mexico kati ya 1519 na 1521, walichukua mbegu pamoja na jina, na hapo ndipo yalipotoka maneno tomate ya Kifaransa na tomati ya Congo.

Ulaya haikuipokea haraka. Mwaka 1544 mtaalamu wa mimea wa Italia, Pietro Andrea Mattioli, aliandika habari zake, na Waitalia wakaiita tofaa la dhahabu. Lakini sehemu nyingi za Ulaya ziliiogopa kwa muda mrefu zikidhani ni sumu, kwa sababu ni ndugu wa mimea fulani yenye sumu kweli. Ni ndugu pia wa viazi, pilipili, tumbaku na bilinganya.

Afrika nayo ilikuwa na ndugu wake tangu kale: nyanya chungu, ambayo babu na bibi walikuwa wakiipika kabla tomati haijajulikana. Ndiyo maana katika Kiswahili jina nyanya linabeba yote mawili, la Afrika na lililotoka ng'ambo ya bahari.

Njia za kuingia Congo

Wareno walifika kwenye mlango wa mto Congo katika miaka ya 1480. Katika karne zilizofuata, mazao ya Amerika kama mihindi na muhogo yaliingia kwa upande huo wa Atlantiki na kuenea kijiji kwa kijiji. Upande wa mashariki, misafara ya biashara kutoka pwani ya Bahari ya Hindi ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe katika Maniema. Misafara hiyo, yenye historia chungu ya pembe za ndovu na utumwa, ndiyo iliyoeneza mpunga Maniema na kuacha lugha ya Kiswahili.

Congo ilipokuwa koloni ya Ubelgiji mwaka 1908, serikali ya wakoloni haikujali sana mboga za nyumbani. Ilitaka mazao ya kuuza nje. Kuanzia 1917 kilimo cha pamba kililazimishwa katika sehemu nyingi za nchi. Hapa Kivu, kampuni ya Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawia walowezi ardhi, na milima ikajaa kahawa, chai, kinini na pareto. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, yenye makao makuu Yangambi, karibu na Kisangani. Kituo chake cha Mulungu, upande wa Kabare karibu na Bukavu, kilihudumia milima ya Kivu. Baada ya uhuru, taasisi ya INERA ilichukua nafasi hiyo, na Mulungu ikajulikana sana kwa utafiti wa maharagi.

Tomati ilikaa pembeni, katika bustani za misheni na za walowezi. Lakini mbegu ya tomati haizuiliwi na ua. Tunda moja lililoiva linaweza kuwa na mbegu zaidi ya 100. Anayelila, anayelitupa, anayeosha sufuria nyuma ya nyumba, wote wanapanda bila kujua. Hivyo tomati ilitoka katika bustani za wakubwa ikaota kwenye jalala, kando ya migomba na karibu na mahali pa kuogea. Hakuna ofisi iliyoiandikia jina. Waliyoitunza ni akina mama, ambao kila msimu walichagua tunda zuri, wakaanika mbegu zake kwenye kitambaa au ukutani karibu na moshi wa jiko.

Ni wakati gani mgeni anakuwa mwenyeji?

Wapo wanaosema tomati haiwezi kuitwa ya kienyeji kwa kuwa ilitoka Amerika. Lakini hata sambaza, samaki anayejulikana kama chakula cha ziwa Kivu, aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna anayemwita mgeni.

Kwa mbegu, jambo hili lina maana ya kweli ya kilimo. Ua la tomati kwa kawaida linajichavusha lenyewe, kwa hiyo mtoto anafanana na mzazi. Mbegu ikipandwa na kuchaguliwa mahali pamoja miaka mingi, zile zisizoweza mvua ya mahali hapo zinakufa, na zinazoweza zinabaki. Baada ya vizazi kadhaa familia inakuwa na tomati inayoujua mlima wake. Huo ndio uenyeji wa mbegu. Haupimwi kwa mahali ilipotoka, bali kwa muda iliokaa na watu na kazi waliyoifanya juu yake.

Tomati za kusafiri na tomati za kupikwa

Kwa nini basi tomati ya kienyeji ikapungua sokoni? Sababu ya kwanza ni barabara. Tomati inayotoka mashamba ya mbali inasafiri juu ya lori au ndani ya mtumbwi, ndani ya vikapu na makreti, na tunda laini linafika limekuwa supu. Wafanyabiashara walipenda aina ngumu, kama Roma, iliyotengenezwa Marekani katika miaka ya 1950. Marmande ya Ufaransa, yenye mikunjo na nyama nyingi, nayo ilienea katika nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa.

Sababu ya pili ni mbegu chotara, zile zenye alama ya F1 kwenye paketi. Kampuni ya Marekani Burpee ilitoa moja iliyopata sifa sana, Big Boy, mwaka 1949. Mbegu ya F1 inatokana na wazazi wawili tofauti. Inazaa sana, na nyingine zinavumilia magonjwa. Si sumu wala si uchawi, kama wengine wanavyosema. Shida yake ni moja: ukihifadhi mbegu zake, watoto hawafanani, mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja anazaa, mwingine hazai. Anayeitegemea lazima anunue paketi kila msimu, na kwa familia iliyokimbia, pesa ya paketi ni pesa ya unga.

Si kila aina iliyotengenezwa na wataalamu iko hivyo. Tanzania ilitoa Tanya na Tengeru 97 mwaka 1997, baada ya utafiti uliofanyika Tengeru, karibu na Arusha. Hizo si chotara, mkulima anaweza kuhifadhi mbegu zake mwenyewe. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kama mbegu ni ya kizungu au ya kienyeji tu. Swali ni hili: nikiihifadhi, itarudi vilevile?

Vita na mbegu

Historia ya Kivu kwa miaka zaidi ya 30 ni historia ya kukimbia: mapigano ya Masisi mwaka 1993, vita vya 1996 na 1998, volkano ya Nyiragongo iliyochoma sehemu ya mji wa Goma mwezi wa kwanza 2002 na kulipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2024 vita vilikata barabara ya Sake kwenda Minova, na vyakula vikalazimika kupita ziwani. Mwanzoni mwa 2025 vita viliingia Goma, kambi kubwa za kandokando ya mji zikavunjwa, na familia nyingi zikatawanyika tena.

Kila mara watu wanapokimbia, mbegu inapotea, lakini si yote. Mfano mzuri uko kwa majirani. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 nchini Rwanda, watafiti waliogopa kwamba aina nyingi za maharagi, ambazo nchi hiyo ilisifika kwazo, zilikuwa zimekwisha. Walipochunguza, walikuta aina nyingi bado zipo. Watu waliobaki walikuwa wamezificha, majirani waligawiana, na masoko madogo ya vijijini yaliendelea kuuza maharagi ya kula ambayo yaliweza pia kupandwa. Kilichokuwa kimepungua zaidi ni pesa ya kuyanunua.

Tomati inafanana na maharagi kwa jambo hilo: chakula chenyewe ndicho ghala la mbegu. Maadamu kuna mama mmoja anayeleta tomati ya kienyeji sokoni, mbegu haijapotea. Hatari ya kweli inakuja siku ambayo wote waliokuwa nayo wako mbali na mashamba yao, na soko limebaki na tunda la F1 peke yake au tomati ya mukebe kutoka ng'ambo.

Kuitafuta na kuitunza leo

Anayetafuta miche aanze na tunda. Aende sokoni mapema, amuulize muuzaji tomati ilitoka mlima gani na kama mbegu ni ya nyumbani au ya paketi. Wazee wa mtaa na familia pokezi nao waulizwe, maana mara nyingi mche uko nyuma ya jiko la jirani. Achague tunda lililoiva kabisa, lisilo na madoa meusi.

Mbegu zikamuliwe ndani ya kikombe pamoja na maji yake, zikae siku mbili au tatu mpaka ule utelezi uachie. Zioshwe, zianikwe kivulini juu ya sahani au kitambaa mpaka zikauke vizuri, kisha zifungiwe ndani ya chupa kavu yenye kipande cha makala cha kunyonya unyevu. Zikikaa kavu, zinaweza kuota hata baada ya miaka minne. Akiba haiozi.

Katika kitalu, mche unahitaji wiki nne mpaka sita kabla ya kuhamishwa. Goma, ambako mawe ya volkano yamefunika udongo, watu wanapanda ndani ya mifuko au bidoni zilizotobolewa chini, kwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kipindi cha mvua nyingi, ni vizuri mmea uwe chini ya ukingo wa bati, kwa sababu majani yanayolowa kila siku yanashikwa na mildiu haraka. Anayenunua miche barabarani aikatae inayonyauka wakati udongo wake una maji, maana inaweza kuleta ugonjwa utakaokaa katika udongo miaka mingi. Tomati isipandwe pale ambapo tomati au viazi vilikufa kwa kunyauka.

Msimu wa kwanza, tunda la mmea wenye nguvu kuliko yote lisiende sufuriani. Liachwe liwe mbegu, na nusu ya mbegu hiyo ipewe jirani, ikiwezekana anayeishi mtaa mwingine. Mbegu iliyo katika nyumba moja inaweza kuungua au kuachwa siku ya kukimbia. Iliyo katika nyumba tano ina nafasi nzuri ya kubaki, na mwenyewe akirudi atajua ni nani wa kumwomba.