SNMP na ESX: wakala aliyepima chumba akadhani ni nyumba

Leo ni historia, tena ya kitu ambacho wengi wetu hukiwasha mara moja na kukisahau: wakala wa SNMP ndani ya seva inayobeba mashine pepe.

SNMP ni ya mwaka 1988. Mpango wake ni rahisi: programu ndogo inakaa ndani ya mtambo ikisikiliza UDP, mlango 161, kompyuta ya uangalizi inauliza, yenyewe inajibu kwa namba. Neno la siri la toleo la kwanza husafiri wazi mtandaoni, na mara nyingi huwa ni "public", yaani si siri hata kidogo :-) Lakini ilitosha, maana mtambo mmoja ulikuwa kitu kimoja. Ukiuliza kumbukumbu iliyobaki, unajibiwa kuhusu mtambo mzima.

VMware walipotoa ESX Server mwaka 2001, hesabu hiyo ikavurugika. Ukiingia ndani ulikutana na Linux ya Red Hat, iliyoitwa konsoli ya huduma, na kila kitu pale ulipokizoea: snmpd.conf, top, cron. Basi watu wakaweka wakala wao kama kawaida. Shida ni kwamba Linux ile haikuwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa vmkernel. Konsoli ilikuwa mpangaji tu, ingawa mpangaji mwenye upendeleo. Katika ESX 3 ya mwaka 2006 ilitengewa MB 272 za kumbukumbu. Kwa hiyo seva ya GB 32 iliyojaa mashine pepe ingeweza kuonekana kwenye grafu kama kijimashine cha MB 272 kilichotulia, huku watu wa mishahara wakilia kwamba mfumo umekwama. Ili kuona ukweli ulihitaji esxtop au MIB za VMware wenyewe. Wengi hawakushtuka, maana namba zilikuwa zinakuja, na namba zikija huaminika.

Halafu HP na Dell nao walikuwa na mawakala wao wa kuchunguza diski na feni, wote wakibanana ndani ya konsoli hiyo hiyo! Dawa ikawa kuiongezea kumbukumbu hadi kikomo, MB 800. Na ESX 3 ilikuwa na faiwoli yake. Usipoandika esxcfg-firewall -e snmpd, wakala yu hai lakini hasikiki.

ESXi ya Desemba 2007 ilikata mzizi: konsoli ikaondolewa. Toleo la 4.1, mwaka 2010, ndilo la mwisho kuwa na ESX ya zamani. Sasa wakala ni wa VMware, na kuanzia 5.1 ya mwaka 2012 unamwasha kwa esxcli system snmp, SNMPv3 ikiwemo. Kwa maoni yangu walifanya vyema, ingawa waliokuwa na skripti za miaka mingi walikosa pa kuziweka.

KVM ilishika njia nyingine. Iliingia kwenye kerneli ya Linux 2.6.20, Februari 2007, na kwayo mashine pepe ni prosesi ya kawaida tu. Ndiyo maana kwenye Proxmox VE, ambayo chini yake ni Debian, snmpd inakupa RAM ya mtambo mzima. Baada ya Broadcom kuinunua VMware Novemba 2023 na kubadilisha leseni, wapo waliohamia huko, na snmpd.conf imefunguliwa tena. Ukifika hapo anza na mstari wa agentaddress: kwenye Debian wakala husikiliza ndani ya mtambo wenyewe tu, 127.0.0.1, mpaka umwambie vingine.